Hati ya Kutengana: Safari ya Mkataba wa Wanandoa kutoka London hadi Afrika Mashariki

Kutengana, kwa maana ya kisheria, ni hali ya mume na mke kuacha kuishi pamoja ilhali ndoa yao ingali hai, na kwa hiyo hutofautiana na talaka, ambayo huivunja ndoa na kumpa kila mmoja ruhusa ya kuoa au kuolewa tena. Hati ya kutengana ni mkataba ambao wanandoa hao hukubaliana jinsi watakavyoishi mbali: nani atabaki katika nyumba, watoto watalelewa na nani, mume atatoa matunzo kiasi gani, na mali iliyochumwa itashikwa vipi hadi hapo watakaporudiana au kuachana kabisa. Mkataba wa namna hii umezoeleka leo kiasi cha kudhaniwa kuwa ulitungwa na Bunge fulani kwa busara zake, kumbe haukutungwa na Bunge lolote. Ulibuniwa na mawakili wa Uingereza tangu nusu ya pili ya karne ya 17 kwa sababu mlango wa talaka ulikuwa umefungwa, na kwa zaidi ya miaka 150 majaji waliushika kwa vidole viwili, wasijue waukubali au waukatae. Kiini cha historia yake ni swali moja, nalo ni kama mwanamke aliyeolewa anaweza kujisemea mwenyewe mbele ya sheria.

Hadi mwaka 1857 mambo ya ndoa nchini Uingereza yalikuwa mikononi mwa mahakama za Kanisa, na mahakama hizo hazikuwa na uwezo wa kuvunja ndoa halali. Kilichowezekana kupatikana humo ni amri iliyojulikana kwa Kilatini kama mensa et thoro, yaani kutengana meza na kitanda, ambayo ilitolewa kwa aliyethibitisha uzinzi au ukatili wa mwenzake. Amri hiyo iliwaondolea wawili hao wajibu wa kukaa pamoja na iliweza kumwamuru mume kulipa matunzo, lakini haikumruhusu yeyote kati yao kufunga ndoa nyingine. Mwenye kutaka talaka kamili alipaswa kuomba Bunge litunge sheria maalumu kwa ajili yake peke yake, njia iliyofunguliwa karibu na mwaka 1670 na iliyohitaji fedha nyingi kiasi kwamba hadi inafungwa mwaka 1857 ilikuwa imepitiwa na watu zaidi kidogo ya 300, na kati yao wanawake walikuwa 4 tu. Kwa wengine wote, waliochokana lakini wasiokuwa na ushahidi wa uzinzi wala ukatili, au waliokuwa nao ila hawakutaka aibu zao zisomwe hadharani, hapakuwa na njia yoyote rasmi, na hapo ndipo wakili alipoitwa na wino ukatayarishwa.

Wakili huyo, hata hivyo, alikabiliwa na kikwazo kizito. Sheria ya Uingereza iliwahesabu mume na mke kuwa nafsi moja, na mwanasheria William Blackstone, katika kitabu chake kikubwa kilichoanza kuchapishwa mwaka 1765, alieleza kuwa nafsi ya kisheria ya mwanamke husimamishwa wakati wote wa ndoa yake, kana kwamba mke amefunikwa na joho la mumewe. Mke hakuweza kumiliki mshahara wake wala vyombo vyake, hakuweza kushtaki wala kushtakiwa peke yake, na wala hakuweza kufunga mkataba. Mkataba na mumewe ndio usiowezekana kabisa, kwa kuwa mtu hawezi kuahidiana na nafsi yake mwenyewe. Ufumbuzi uliopatikana ulikuwa kumwingiza mtu wa tatu. Baba wa mke, kaka yake, au rafiki wa familia aliyeaminika, alitia saini kama mdhamini, yaani mtu anayeshika haki kwa niaba ya mwingine, na mume akatoa ahadi zake kwa mdhamini huyo badala ya kumwahidi mkewe. Mke alitajwa katika hati, na pengine aliitia saini, lakini uzito wa kisheria ulikaa juu ya jina la mwanaume aliyesimama kando yake.

Hati yenyewe iliandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya kondoo iliyolainishwa, kwa mistari mirefu isiyo na vituo, na chini yake ikabandikwa nta nyekundu kwa ajili ya mihuri. Kwa desturi ya zamani ya mikataba ya watu wawili au zaidi, nakala zote ziliandikwa juu ya ngozi moja, kisha ngozi hiyo ikakatwa kwa mkato wa mawimbi, kila mmoja akaondoka na kipande chake, na ukitokea ubishi vipande viliunganishwa ili kuona kama mawimbi yanaingiana. Katika karne ya 19 mkato huo haukuwa tena sharti la sheria, ingawa jina la hati liliendelea kuukumbuka. Ni vigumu kuisoma habari hii bila kuhisi uzito wake: karatasi ya kuwatenganisha watu wawili ilithibitishwa kuwa ya kweli kwa kuona jinsi pande zake mbili zinavyokubaliana.

Maneno yaliyoandikwa juu ya ngozi hiyo yalifanana kutoka hati moja hadi nyingine, kwa kuwa mawakili walinakili kutoka vitabu vya mifano. Mume aliahidi kwamba mkewe ataishi popote apendapo kana kwamba hajaolewa, na kwamba hatamfuata, hatamlazimisha kurudi wala kumbughudhi yeye au wale wanaompa hifadhi. Aliahidi kulipa posho ya kila mwaka, ambayo kwa kawaida iligawanywa katika mafungu manne na kupokelewa na mdhamini kila robo mwaka. Mdhamini naye aliahidi jambo ambalo kwa mume lilikuwa na thamani kubwa: kumkinga na madeni ya mkewe. Sheria ilimwajibisha mume kulipia mahitaji ya lazima ya mke, hivyo muuza nguo au mwenye duka la nyama aliyemkopesha mke aliyetengana angeweza kumgeukia mume, na magazeti ya zama hizo yalijaa matangazo ya wanaume wakiwaonya wafanyabiashara kwamba hawatalipa madeni ya wake zao. Baadhi ya hati ziliongeza sharti kwamba posho italipwa maadamu mke anaishi kwa usafi wa maadili. Sharti hilo lilimbana mke peke yake, kwani mume angeweza kuishi apendavyo na asipungukiwe na kitu.

Kuhusu watoto, hati ilikuwa dhaifu kuliko popote. Baba ndiye aliyekuwa mlezi wa kisheria wa watoto wa ndoa, na mahakama zilikataa kutekeleza ahadi yoyote ya baba kumwachia mama watoto, zikisema kwamba ahadi ya namna hiyo ni kinyume cha maslahi ya umma. Mama aliyetia saini akiamini kwamba amewapata wanawe alikuwa amepata maneno matupu, na watoto wangechukuliwa siku yoyote ambayo baba angebadili mawazo.

Majaji nao walibishana kwa miaka mingi. Mwaka 1785 Lodi Mansfield aliamua kwamba mke anayeishi mbali na mumewe kwa hati na kwa posho yake mwenyewe anaweza kushtakiwa kwa madeni yake kama mwanamke asiyeolewa, uamuzi ambao, kwa namna ya ajabu, ulikuwa hatua ya heshima kwake, kwa sababu anayeweza kushtakiwa anatambuliwa kuwa mtu. Mwaka 1800 Lodi Kenyon na wenzake waliubatilisha, wakashikilia kwamba wawili hawawezi kuibadili hadhi ya ndoa kwa mapatano yao ya faragha. Lodi Eldon, aliyekalia kiti cha Chansela kwa muda mrefu mwanzoni mwa karne ya 19, aliziangalia hati hizi kwa mashaka makubwa, akishangaa itawezekanaje mahakama moja itekeleze mkataba wa kutengana wakati mahakama ya Kanisa, jengo la pili tu, ikimwamuru mke arudi nyumbani. Swali lake lilikuwa la haki. Mume aliyekwisha kutia saini aliweza kabisa kwenda mahakama ya Kanisa na kufungua shauri la kurudishiwa haki za ndoa, yaani kuomba mwenzake aamriwe kurejea, na hati haikuhesabiwa kuwa jibu.

Fundo hilo lilifunguliwa polepole. Mwaka 1848 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa, lilikubali kwamba makubaliano ya kutengana yanaweza kutekelezwa kwa amri ya mahakama kama mikataba mingine, na mwaka 1862 Lodi Westbury akamzuia mume aliyetia saini asiendelee na shauri la kumrudisha mkewe. Tangu hapo neno la mume lililowekwa juu ya karatasi lilianza kumfunga kweli. Lakini kati ya miaka hiyo miwili kulikuwa na mwanamke mmoja aliyeonyesha, kwa maisha yake mwenyewe, kwamba karatasi bila mdhamini ilikuwa si kitu.

Caroline Norton, mshairi na mwandishi wa riwaya aliyezaliwa mwaka 1808, aliolewa na George Norton mwaka 1827 na kuzaa naye watoto watatu wa kiume. Mwaka 1836 mume alimfungia mlango, akawaondoa watoto, na kumshtaki Lodi Melbourne, aliyekuwa waziri mkuu, kwa madai ya kuzini na mkewe, shauri ambalo baraza la wazee wa mahakama lililitupilia mbali bila hata kutoka kwenda kujadiliana. Caroline hakuruhusiwa kusema neno katika kesi hiyo iliyomhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Kampeni yake ilisaidia kupatikana kwa sheria ya mwaka 1839, ambayo kwa mara ya kwanza ilimruhusu mama mwenye mwenendo mwema kuomba apewe watoto walio chini ya umri wa miaka 7. Mwanawe mdogo, William, alifariki mwaka 1842 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi akiwa mbali na mama yake.

Mwaka 1848 George Norton alihitaji saini ya mkewe ili apate fedha zilizokuwa chini ya udhamini wa familia, na ili kuipata alitia saini mkataba wa kumlipa pauni 500 kila mwaka. Caroline aliiamini karatasi hiyo. Miaka michache baadaye, alipoachiwa urithi na mama yake, mume aliacha kulipa, na alipoulizwa kuhusu mkataba alijibu kwamba mume hawezi kufunga mkataba na mkewe na kwa hiyo hana deni. Mwaka 1853 mfanyabiashara aliyemtengenezea Caroline gari la farasi alimshtaki mume mahakamani Westminster ili alipwe, mambo yote ya ndoa yakamwagwa tena hadharani, na mfanyabiashara akashindwa. Pigo lilikuwa la pande mbili, kwa sababu sheria iliyosema kwamba mapato ya vitabu vya Caroline ni mali ya mumewe ndiyo hiyo hiyo iliyosema kwamba ahadi ya mumewe kwake haina nguvu. Nafsi hiyo moja ilipokea kila kitu na haikudaiwa chochote. Caroline aliandika vitabu viwili vya kuishtaki sheria hiyo, kimoja mwaka 1854 na kingine, kilichoelekezwa kwa Malkia, mwaka 1855. Sheria ya Mashauri ya Ndoa ya mwaka 1857, iliyohamisha talaka kutoka Kanisani na Bungeni kwenda mahakama ya kawaida, ilimtambua mke aliyetenganishwa na mahakama kuwa na uwezo wa kumiliki mali, kufunga mikataba na kushtaki kama mwanamke asiyeolewa, na ikampa mke aliyetelekezwa njia ya kuyalinda mapato yake. Haki hizo zilibeba alama za machozi yake.

Watu mashuhuri wa karne hiyo waliitumia hati kwa sababu ileile ya kukwepa mahakama. Mshairi Byron aliitia saini hati yake mwezi Aprili mwaka 1816 na siku chache baadaye akaondoka Uingereza, asirudi tena akiwa hai. Mwandishi Charles Dickens alitengana na mkewe Catherine mwaka 1858, baada ya miaka 22 ya ndoa na watoto 10, kwa hati iliyompa Catherine pauni 600 kwa mwaka na nyumba yake mwenyewe, na kwa mapatano hayo mtoto mmoja tu, wa kwanza, ndiye aliyekwenda kuishi na mama. Posho ilikuwa ya kutosha. Lakini Dickens alikuwa na gazeti lake mwenyewe la kuutangazia umma upande wake wa habari, naye akalitumia, wakati Catherine hakuwa na pa kusemea, na huo ni upungufu ambao hakuna pauni zilizoufidia.

Mwaka 1873 Bunge lilitamka kwamba kipengele cha hati kinachompa mama malezi ya watoto hakitahesabiwa kuwa batili kwa sababu hiyo pekee, ingawa mahakama ilibaki na uwezo wa kukikataa kama hakina manufaa kwa mtoto. Mwaka huohuo Annie Besant, mke wa kasisi wa Kianglikana aliyekuwa yeye mwenyewe amepoteza imani, alitengana na mumewe kwa hati iliyomkabidhi binti yake, Mabel, huku mtoto wa kiume akibaki na baba. Mwaka 1877 Annie alishtakiwa pamoja na Charles Bradlaugh kwa kuchapisha kitabu kuhusu kupanga uzazi, na mwaka uliofuata baba alikwenda mahakamani kudai binti. Jaji George Jessel alimwondoa Mabel kwa mama yake kwa sababu ya kutoamini kwake Mungu na kwa sababu ya kitabu hicho. Mwaka 1879 jaji huyohuyo aliitekeleza hati hiyohiyo dhidi ya Annie, alipotaka kufungua shauri la kurudishiwa haki za ndoa, akieleza kwamba mawazo ya zamani ya kuziona hati hizi kuwa hatari kwa jamii yalikuwa yamepitwa na wakati. Hivyo mama alifungwa na karatasi ambayo haikuweza tena kumfunga baba. Sheria ya maslahi ya mtoto ni sheria njema, lakini katika shauri hilo ilitumika kumwadhibu mwanamke kwa mawazo yake, na Mabel mwenyewe aliporudi kwa mama yake alipokua alitoa hukumu iliyo wazi kuliko ya mahakama.

Mlango wa mdhamini ulifungwa na Sheria ya Mali za Wanawake Walioolewa ya mwaka 1882, iliyoanza kutumika Januari 1883 na kumpa mke uwezo wa kumiliki mali, kufunga mikataba na kushtaki kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1888 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba mume na mke wanaweza kukubaliana kutengana moja kwa moja, bila mtu wa tatu. Kwa maskini, ambao hawakuwahi kuwa na fedha za wakili wala ngozi ya kondoo, msaada ulikuja kwa njia nyingine: sheria za mwaka 1878 na 1895 ziliwapa mahakimu wa kawaida uwezo wa kutoa amri ya kutengana kwa mke aliyepigwa au kutendewa ukatili wa kudumu, pamoja na matunzo yasiyozidi pauni 2 kwa wiki. Na mwaka 1929 Baraza la Malodi liliweka mpaka ambao bado unasimama katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, kwamba mke hawezi kwa hati kuuza haki yake ya kuiomba mahakama matunzo, kwa kuwa haki hiyo imewekwa pia kwa faida ya jamii.

Ipo aina nyingine ya kuishi mbali ambayo haina ugomvi ndani yake, ile ya mume kwenda kazini nchi ya mbali na mke kubaki, na mahakama iliitazama kwa jicho tofauti. Mwaka 1919 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikataa kumlipa mke ambaye mumewe, mtumishi wa serikali kisiwani Ceylon, alimwahidi pauni 30 kwa mwezi alipomwacha Uingereza kwa matibabu, ikisema kwamba mapatano ya wanandoa wanaopendana ni mambo ya nyumbani na hayakukusudiwa kufika mahakamani. Shauri hilo hufundishwa hadi leo kwa wanafunzi wa sheria wa Afrika Mashariki. Nusu karne baadaye, mwaka 1970, Lodi Denning na wenzake walionyesha upande wa pili. Mume aliyekwisha kuhamia kwa mwanamke mwingine alikutana na mkewe ndani ya gari ili wazungumzie matunzo, na mke akakataa kushuka mpaka aandikiwe. Mume aliandika kwenye kipande cha karatasi kwamba mke akimaliza kulipa deni la nyumba, nyumba itakuwa yake, akatia saini na tarehe. Mahakama ilisema kwamba wanandoa wanapotengana hawategemei tena mapenzi bali hupatana kwa macho makavu, na kipande hicho cha karatasi kikampa mke nyumba.

Sheria hii ilivuka bahari pamoja na utawala. Tanganyika ilipokea sheria za jumla za Uingereza zilizokuwa zikitumika tarehe 22 Julai 1920, na Kenya zile za tarehe 12 Agosti 1897, lakini kwa mambo ya ndoa ziliwahusu wachache waliofunga ndoa chini ya sheria hizo. Wengi waliendelea na utaratibu wa kwao. Miongoni mwa Waislamu wa pwani, mke aliyekosana na mumewe alirudi kwao, wazee wa pande mbili wakakaa kikao, kwa mujibu wa mafundisho ya Sura ya An-Nisaa inayoagiza mpatanishi mmoja kutoka kila upande, na wakishindwa, shauri likapelekwa kwa kadhi. Sura hiyo hiyo inawaruhusu wanandoa kusikilizana kwa suluhu, na inamkataza mume kumwacha mke kama aliyetundikwa, si mke si mtalaka. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba desturi hii haikuhitaji kuvunja dhana ya nafsi moja, kwa kuwa dhana hiyo haikuwapo: mke wa Kiislamu alimiliki mahari na mali yake mwenyewe karne nyingi kabla ya mwaka 1882. Udhaifu wake ulikuwa kwingine, katika mapatano ya mdomo ambayo yalitegemea uhai na kumbukumbu za wazee waliokuwa kikaoni. Mzee akifa, ushahidi ulikwenda naye kaburini.

Baada ya uhuru, Kenya iliunda tume ya kuchunguza sheria za ndoa na talaka, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1968 pamoja na rasimu ya sheria moja kwa watu wa dini na makabila yote. Bunge la Kenya liliikataa rasimu hiyo katika miaka ya 1970. Tanzania ndiyo iliyoifanyia kazi: serikali ilitoa mapendekezo yake katika Waraka Namba 1 wa mwaka 1969, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ikaanza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Mei mwaka huohuo, miezi minne baada ya sheria mpya ya talaka kuanza kutumika Uingereza. Zanzibar haimo katika sheria hiyo.

Sheria ya mwaka 1971 iliyakutanisha mapokeo yote mawili katika chumba kimoja. Kikao cha wazee kilipewa sura ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na mwenye kutaka talaka hutakiwa kwanza kupita hapo ili, wakishindwa kupatanishwa, apewe hati ya kuthibitisha hivyo. Amri ya kutengana, iliyokuwa zamani mali ya mahakama za Kanisa, inaweza kutolewa hata na Mahakama ya Mwanzo. Huwaondolea wanandoa wajibu wa kuishi pamoja lakini haivunji ndoa, na mahakama inaweza wakati wa kuitoa kuamuru mgawanyo wa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kufua na kulea, ni mchango katika kupatikana kwa mali hiyo, uamuzi ambao unapaswa kuhesabiwa miongoni mwa kazi bora za mahakama za nchi hiyo. Kutengana kwa hiari kuliko­endelea kwa angalau miaka 3 kunakubaliwa kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Nchini Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataja miaka 2.

Kuhusu malezi, sheria ya Tanzania inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni heri akae na mama yake, isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo. Umri huo ndio ulioandikwa katika sheria ya mwaka 1839 ambayo Caroline Norton aliihangaikia, na ndio ambao mafakihi wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pwani, huutaja kwa kukadiria kuwa wakati wa mtoto kupata utambuzi na kuchagua kati ya baba na mama.

Kwa wanandoa wa Tanzania wanaoishi mbalimbali leo, mambo mawili yanafaa kujulikana mapema. La kwanza ni kwamba aliyetengana bado ni mume au mke, na kwa hiyo nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenziwe, hata kama mwenziwe huyo alihamia mkoa mwingine miaka mingi iliyopita. La pili ni tarehe. Miaka 3 huhesabiwa tangu siku ya kutengana, na asiye na karatasi huhitaji kuwaita majirani, balozi wa nyumba kumi au ndugu waje kukumbuka siku ambayo begi lilitoka mlangoni, wakati mwenye hati iliyoandikwa, ikasainiwa na pande zote mbili mbele ya mashahidi, huonyesha mstari mmoja tu. Wanandoa waandike, basi, hata kama bado wanatumaini kurudiana, na mke asikubali kutia saini asichokielewa. Lugha si kisingizio tena, kwani tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, na hati ya kutengana inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kusomwa kwa Kiswahili mbele ya jaji wa ngazi yoyote, na kuelezwa na mke mwenyewe kwa kinywa chake.